Buti za Mkwe

Buti hazikuwepo. Barazani, mbele ya chumba namba nne, zilibaki soksi mbili za sufu tu.

Inspekta Kasiani wa polisi Mikumi aliziinamia kwa muda mrefu bila kuzigusa.

"Anayefagia baraza hili ni Yusrah peke yake," alisema Mzee Zabron, mwenye nyumba ya wageni. "Buti zisipoonekana kufikia saa sita mchana, hana kazi kwangu."

Yusrah alisimama kando na ufagio wake. Kwa kazi hiyo alikuwa akimlea mwanawe.

Mlalamikaji alikuwa Bibi Solveig wa Norwei, mwenye umri wa miaka sitini na minane. Alikuwa amekuja na mwanawe pamoja na mke wa mwanawe, Anitha, mzaliwa wa Kilosa. Baada ya siku nane za kukaa Kilosa, walimchukua Bi Selestina, mama yake Anitha, wakaja Mikumi kwa gari la kukodi. Safari ilichukua kutwa nzima, kwa kuwa Bibi Solveig alishuka kupiga picha kila kilima, kana kwamba vilikuwa karibu kuhamishwa. Leo walipaswa kupita Kidodi na kwenda kupanda milima ya Udzungwa. Kesho kutwa wageni wangerudi kwao.

Kasiani alianza mahojiano na Bi Selestina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulilala chumba gani?"

"Namba tano. Nimepakana na mkwe, Bibi Solveig."

"Ulisikia chochote?"

"Nyani."

"Mama, nimefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja. Nyani wa Mikumi huiba ndizi. Sijapata kumwona mwenye buti."

"Labda wameanza."

Yusrah akapita na ndoo. "Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Selestina akatazama paa. Yusrah, akidhani hakusikika, akarudia. Paa likatazamwa tena.

Kasiani akaandika kitu katika daftari lake.

Konstebo Debora akamwita. "Afande, soksi hizi ni mbichi. Zimefuliwa kwa sabuni ya mche, tena zimekunjwa."

"Jana zilikuwaje?"

Anitha akamtafsiria mama mkwe wake, kisha akajibu, "Anasema zilikuwa na tope, na anaomba radhi kwa harufu."

"Mwizi anayefua," alisema Kasiani. "Tupekue gari."

Nyuma ya gari palikuwa na tenga la kuku.

"Kuku wa nani huyu?"

"Zawadi yangu kwa mkwe," alijibu Bi Selestina.

"Mbona ameatamia juu hivyo, kama mwenyekiti wa kikao?"

Debora akamwinua kuku, akadonolewa mara mbili, lakini hakurudi nyuma. Chini ya majani makavu zilikuwamo buti mbili. Ndani ya buti ya kushoto mlikuwa na yai, bado lina joto. Liliandikwa kuwa kielelezo namba mbili.

Kasiani akamvutia Bi Selestina kiti.

"Mimi uliniitikia, mama. Yusrah umemnyima marahaba mara mbili. Kwa nini?"

Bi Selestina aliinamisha kichwa. "Ningepokeaje heshima ya mtoto niliyemtwisha kosa langu?"

"Kwa hiyo uliziiba."

"Nilizificha asipande tena. Jumapili iliyopita mkwe alipanda kilima cha kwetu, mzigo mgongoni, fimbo mkononi. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Jirani yangu Filomena akaniuliza mbele ya wote kama nimemtuma mkwe wangu kuni."

"Na leo?"

"Leo tunapita Ruhembe. Dada zangu wote wako huko kwenye mashamba ya miwa. Wangemwona akishuka na buti na mzigo."

"Lakini mgeni, siku ya tatu, hupewa jembe."

"Mgeni, ndiyo. Mkwe si mgeni."

Kasiani, ambaye mama mkwe wake mwenyewe aliishi Magole, alifunga daftari. "Hapo umenishinda. Na soksi?"

"Zilikuwa chafu. Ningemwachiaje mkwe soksi chafu?"

Anitha alitafsiri yote. Bibi Solveig alisikiliza, kisha akaufungua mfuko wake wa mgongoni na kupanga vitu mezani: chupa ya chai, blanketi, mto mdogo wa kukalia, vikombe viwili.

"Anasema kwao mtu hatumwi mlimani," alisema Anitha. "Hualikwa, naye hualikwa na yule anayempenda. Mzigo huu ni wako, mama. Alitaka ukifika juu ukae pakavu, mnywe chai wawili."

Bi Selestina akavigusa vile vikombe, kimoja kimoja.

Mlalamikaji akaondoa shauri. Kasiani akamgeukia Mzee Zabron. "Yusrah anaendelea na kazi. Utamwambia wewe, kwa kinywa chako."

Mzee Zabron akamwambia, huku akikitazama kiatu chake mwenyewe.

Bi Selestina akarudisha vitu mfukoni, akakaza kitenge chake, akajitwika mfuko kichwani.

"Mama, gari lipo," alisema Anitha.

"Likifika Ruhembe nitashuka. Kama mzigo ni wangu, dada zangu wanione mimi nikiubeba."

Langoni alimkuta Yusrah akifagia. Akasimama, na mzigo kichwani.

"Shikamoo, mama," alisema Yusrah.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Selestina. "Na zile mbili za asubuhi pia. Marahaba. Marahaba."