Vidonge Vitatu vya Jioni

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mwalimu mstaafu wa kitanda namba sita alikutwa hajitambui, shuka zimelowa damu iliyokuwa ikimtoka puani na kwenye fizi. Mpelelezi alipofika saa mbili na nusu, hofu ilikuwa imeshatawala wodi. Watu walikwepana macho.

Alianza na muuguzi, ambaye hospitali nzima ilishamhukumu.

"Sista, ulimpa nini?"

"Vidonge vitatu vya kuzuia damu isigande. Kila jioni, siku nne. Ndivyo daktari alivyoandika."

Daktari alikuwa akitokwa jasho. "Afande, wapo wagonjwa ambao dozi ya kawaida haiwagusi. Kompyuta yetu ya kukokotoa dozi ilimkadiria kidonge kimoja. Miezi mitatu anameza nyumbani, vipimo havisogei, mguu wenye damu iliyoganda unazidi kuvimba. Nikapandisha hadi viwili, kisha vitatu, mwisho nikamlaza."

"Vitatu vya nyumbani havikumgusa, vya hapa vinataka kumuua?"

Daktari akafungua tena faili la mgonjwa.

Dawa ileile, mwili uleule. Kilichobadilika ni mkono unaompa. Mpelelezi akaomba kikasha cha vidonge kilichotoka nyumbani. Mfamasia akakigeuza kidonge kimoja kiganjani.

"Hivi ni vitamini tu."

Dada mkubwa wa mgonjwa alikuwa kwenye benchi la korido.

"Mama, kikasha hiki anakijaza nani?"

"Mimi. Mdogo wangu haoni vizuri."

"Mbona kina vitamini?"

"Kaka yetu alipewa dawa hizo, mwanangu. Akafa anatapika damu, nimempakata. Niliogopa, nikazibadilisha."

"Na hizi jioni nne ulikuwa kando ya kitanda. Ulimwona akimeza vitatu."

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Ningeanzaje? Angejua nimemdanganya miezi yote hiyo. Kila jioni nilisema kesho nitamwambia daktari."

Mpelelezi alikasirika, kisha akaogopa, maana alijua hata yeye angeweza kunyamaza hivyohivyo. Akamwambia asimame, waondoke.

Muuguzi akatokea mlangoni, mbio.

"Amezinduka, lakini anasukuma mikono yetu. Dawa ya kusimamisha damu inayomtoka haitaki."

"Anasemaje?"

Muuguzi akamtazama mama yule.

"Anasema hapokei dawa kwa mtu mwingine. Anamtaka dada yake."