Chuma Mgongoni

Jumamosi hiyo mtaa mzima, pembezoni mwa mji wa Plovdiv, ulinukia pilipili za kuchoma. Zlatka alikuwa akimenya zake uani, na mdogo wake Mladen akichimba msingi wa chumba cha Neda, bintiye Zlatka, aliyekuwa na mimba pevu. Pale mtaani kila anayechimba hukuta mabaki ya kale, na kila mtu hufukia kimyakimya. Watu wa makumbusho wakisikia tu, ujenzi ndiyo basi tena.

"Dada, njoo umwone mpangaji wako!" Mladen akaita akicheka.

Shimoni kulikuwa na mifupa ya mtu aliyezikwa kifudifudi. Chuma cha plau kilikuwa kimempenya mgongoni hadi ardhini. Zlatka akapiga ishara ya msalaba.

"Usikiguse, nakuomba. Maiti hagongomelewi chuma bure."

"Keshakufa huyu. Labda umfufue wewe na kelele zako."

Akaking'oa, akakitupa kando. Zlatka akaingia ndani akinung'unika, kufuata chupa za pilipili.

Aliporudi, Mladen alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, amempa mgongo.

"Mladen, nikuletee kahawa?"

Neda akatokea mlangoni, mkono tumboni. Hapo Mladen akageuka. Macho hayapepesi. Akainua sururu.

Pigo la kwanza lilivunja mkono ambao Neda alikingia tumbo. Mfupa ulilia. Zlatka akamrukia mdogo wake, akarushwa hadi kando ya shimo, meno mawili yakamtoka. Sururu ikainuliwa tena. Neda yuko chini, anatambaa.

Zlatka akaokota kile chuma. Akakizamisha mgongoni mwa Mladen. Hakuanguka. Akakisukuma kwa uzito wake wote, mpaka wakaanguka pamoja, mpaka ncha ikagusa udongo.

Chini yake, sauti ikanong'ona, "Zlate, unaniumiza."

Kisha akatulia.

Neda alijifungua salama. Zlatka alikaa rumande mpaka daktari aliyempasua maiti alipoleta majibu: mapafu yalishindiliwa udongo mkavu hadi kooni. Mladen alikufa kwa kukosa pumzi. Chuma kilipomwingia, alikuwa tayari maiti.

"Basi hukumuua wewe, mama," Neda akasema, akilia kwa furaha.

Zlatka akamgeukia daktari. "Mtu mwenye udongo huo anaweza kusema?"

"Hawezi hata neno moja, mama."

Zlatka akakaa chini. Zlate lilikuwa jina lake la utotoni. Tangu wazazi wao wafe, ni Mladen peke yake aliyelijua.