Kitambaa cha Mama Ketsia

Kila Jumamosi asubuhi, wanawake wahamiaji wa Doonside, mtaa wa ughaibuni, walikusanyika kwa Mama Kasoki kusukana. Sebule ilinukia mafuta ya nazi na maharage yaliyotokota jikoni, na treni ikipita, vikombe vililia kabatini. Ketsia, mwenye miaka kumi na miwili, alikaa mkekani katikati ya magoti ya Mama Kasoki. Kwa kusuka, hakuna aliyemfikia mama yule. Mistari yake ilinyooka kama matuta ya shamba jipya, na mkono wake haukuumiza.

"Mbona mama yako siku hizi haji?" Mama Kasoki aliuliza.

"Kichwa kinamuuma," Ketsia akajibu, kama alivyofundishwa.

"Tena? Si hata juzi kilimuuma?"

"Kichwa hicho kinaijua Jumamosi," alisema Mama Égide, na wenzake wakacheka.

Ketsia hakucheka. Jana jioni baba alimpiga mama kwa kikombe cha bati, akampasua utosini. Mama alifunga kitambaa, akamwambia, "Ukisema, serikali itawachukua wewe na mdogo wako. Mambo ya nyumba yanabaki nyumbani." Lakini asubuhi hii damu ilikuwa imepenya kitambaani, na mama alikuwa anatapika.

Chanuo kilipopita utosini, Ketsia akaanza kulia.

"Nimekuumiza, mwanangu?"

"Si mimi ninayeumia. Ni mama. Baba amempasua kichwa, na sasa anatapika."

Mama Égide akamkata jicho. "We mtoto, usimwage mtama penye kuku wengi. Kila nyumba ina yake."

Mama Kasoki akaweka chanuo chini, taratibu. "Huu si mtama, Mama Égide. Huu ni moto. Washa gari."

Ketsia akatoka nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

Walimkuta baba mlangoni. "Mama Ketsia amelala," alisema.

"Basi tutamwamsha," Mama Kasoki alijibu, akapita kando yake kana kwamba ni pazia. Nyuma yake, Mama Égide mwenyewe alikuwa tayari anaita gari la wagonjwa.

Hospitalini jeraha lilishonwa. Polisi walizungumza na mama kupitia mkalimani mwanamke, naye akasema yote. Mahakama ikamkataza baba kuikaribia nyumba ile. Watoto hawakuchukuliwa na mtu. Walibaki na mama yao.

Siku ile ya hospitali, kwenye viti vya kusubiria, Mama Égide alimmalizia Ketsia nusu iliyobaki. Mistari ilipinda, lakini Ketsia alikataa katakata isifumuliwe.

Jeraha lilipopona, mama alikuja kusukwa. Aliketi mkekani, akafungua kitambaa mbele ya wote. Hakuna aliyegeuza uso.

"Hapa nitazunguka mpaka nywele ziote," Mama Kasoki alisema, akiligusa kovu kwa ncha ya kidole. Kisha akamtazama Ketsia. "Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humfichua. Siri ya kufurahisha itunze, mwanangu. Siri inayomuumiza mtu, mpelekee mtu mzima unayemwamini. Na wa kwanza akikunyamazisha, nenda kwa wa pili."

"Wa kwanza kumnyamazisha nilikuwa mimi," alisema mama.

"Na wa pili mimi," alisema Mama Égide, akainuka kwenda kupakua maharage.