Tairi za Ukaguzi

Tairi mbili za mbele ziliibwa mkesha wa ukaguzi wa barabarani. Lori lenyewe liliachwa limekaa juu ya magogo ya mbao, likitazama geti kama mzee aliyefichwa viatu vyake.

Aliyegundua ni dereva wake, ambaye yadi nzima ilimwita Polepole. Alifika alfajiri kama kawaida yake, tochi mkononi na kitambaa begani, aliandae gari: ajaribu taa na indiketa, asikilize kama breki zinavuja upepo, ahakikishe mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari viko mahali pake. Siku hiyo hata kwenye taa hakufika.

Mwenye yadi, ambaye madereva walimwita Tajiri, ndiye aliyewapigia polisi. Inspekta alipowasili na Koplo wake, Tajiri alikuwa ameshamaliza kesi na kutoa hukumu. Kufuli la geti halikuvunjwa, alisema. Ufunguo anao yeye, na mwingine anao Polepole kwa sababu huondoka mapema. Kwa hiyo Polepole ameuza tairi, na akalale ndani leo hii.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye mazoea ya kuwaacha watu waseme mpaka wachoke. Tajiri alipochoka, yeye alichuchumaa kwenye eneo la tukio.

Mwizi alikuwa amezivua tairi kutoka kwenye rimu, akaziacha rimu bila mkwaruzo. Nati zilikuwa zimepangwa ndani ya bakuli la plastiki, zimepakwa grisi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamewekewa kabari, gari lisije likaserereka.

"Koplo, umewahi kuona mwizi anayepaka nati grisi?"

"Sijawahi, Afande. Ninaowajua mimi hata mlango hawafungi."

Koplo alichukua alama za vidole, huku akinung'unika kwamba kila mkono wa yadi ile umepita kwenye rimu hizo. Inspekta alikuwa ameshaanza kuzunguka malori mengine. Kwa kila lori aliona jambo lile lile: nati za nyuma zimeshika kutu, za mbele zinang'aa.

"Hizi za mbele hufunguliwa mara kwa mara?" alimuuliza Tajiri.

"Nani azifungue? Zikishafungwa zimefungwa."

Inspekta hakubishana naye. Alienda nyuma ya karakana, akainua turubai lililofunika kitu kikubwa. Chini yake kulikuwa na tairi kuukuu zilizolika mpaka nyuzi zinachungulia, na kila moja imeandikwa kwa chaki namba ya lori lake. Alilirudisha turubai taratibu.

Polepole alihojiwa kwenye stoo ya vipuri, akiwa amekalia ndoo.

"Ufunguo ulikuwa wapi jana jioni?"

"Nyumbani. Kwenye msumari."

"Nani anakaa hapo nyumbani?"

"Mimi na mke wangu."

"Na nani mwingine?"

Polepole alianza kukunja kitambaa chake upya.

"Andika ni mimi, Afande," alisema.

"Umezipeleka wapi?"

"Sijui."

"Wewe ndiye umeiba, na hujui ulikoweka?"

Koplo aliinamisha uso asionekane anacheka. Inspekta hakucheka. Alimwona mtu anayetaka kupoteza leseni, kazi na uhuru wake kwa ajili ya mtu mwingine, na akamhurumia. Hata hivyo aliamuru apandishwe kwenye gari la polisi, kwa sababu alitaka kujua nani ataumia akimwona humo.

Aliyetangulia kumwona ni mkewe. Aliingia getini na chupa ya chai na vikombe viwili, akasimama kama aliyepigwa na umeme. Inspekta alimkalisha, akamuuliza vikombe viwili ni vya nani.

"Cha mume wangu na cha kaka yangu. Wameondoka bila kunywa chochote."

"Kaka yako yupi?"

"Yule pale. Fundi wa tairi. Tunakaa naye, ana chumba chake uani."

Fundi Pancha, kama walivyomwita pale yadini, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana. Ameshika pasi, kile chuma bapa cha kubandulia tairi, lakini hakuwa na tairi ya kubandua. Macho yake hayakubanduka kwenye gari la polisi.

Inspekta alikaa kwenye ukingo wa bustani ya maua iliyokuwa mbele ya ofisi ya Tajiri, apange mawazo. Aliposimama, Koplo alikohoa. Alikohoa tena.

"Una kifua?"

"Hapana, Afande. Ni suruali yako. Samahani, kwa nyuma. Imekuwa nyeupe."

Inspekta alijifuta, akatazama kiganja chake. Chokaa mbichi. Bustani ilikuwa imezungushiwa tairi zilizopakwa chokaa, za siku nyingi, zimepasuka kwa jua. Mbili kati yake hazikuwa na ufa hata mmoja. Alikwangua chokaa kwa ukucha, na chini yake kashata za tairi, yale meno yake ya kushika barabara, zilikuwa nzima, bado zina vinyweleo vya mpira wa kiwandani.

Tajiri alikuwa amepita karibu nazo asubuhi nzima akilia kwamba ameibiwa.

"Koplo, tumpeleke Polepole kituoni," Inspekta alisema kwa sauti ya kusikika mpaka karakana.

Pasi ilianguka chini. "Mwacheni shemeji," fundi alisema. "Ni mimi."

"Ulitaka kuziuza?"

"Ningetaka kuziuza ningezipaka chokaa, Afande?"

"Basi ulitaka nini?"

Alimtazama Tajiri, kisha akamtazama dada yake. Alieleza vipande vipande. Hizo ni tairi za ukaguzi. Yadi nzima ina jozi hiyo moja nzuri ya mbele, na kila lori linapokwenda kukaguliwa yeye hulifungia. Likishapita kizuizi, yeye huwa anasubiri mbele na vipara vyake, zile tairi zilizolika. Huzivua zile nzuri, hulirudishia vipara, na lori linaendelea na safari.

"Na jana ilikuwa zamu ya Polepole," Inspekta alisema.

"Ningezivuaje, Afande? Shemeji alidhani zimefungwa zake moja kwa moja. Safari hii Tajiri aliniambia nizivue akiwa amelala kwenye kituo cha mapumziko. Nikaona bora lori lisitoke kabisa." Alifuta uso kwa mkono wenye chokaa. "Mume wa kwanza wa dada yangu, aliyekuwa dereva hapa hapa, nilimvulia hivyo hivyo. Kipara kilipasuka mteremkoni. Nikanyamaza. Nilimfungia kwa mikono hii."

Tajiri alipayuka kwamba huyo ni mwizi, amekiri mbele ya watu. Inspekta alimgeukia.

"Amezitoa kwenye lori lako, akazileta mlangoni kwako. Wizi huo mimi sijausomea. Lakini vipara vyako vina namba, na kuna mtu alikufa. Utatusindikiza kituoni."

Pingu zililia, na Polepole akashushwa kwenye gari la polisi. Hakuna dereva aliyemtetea Tajiri.

Dada mtu aliinuka. Aliweka chupa ya chai chini, akamsogelea kaka yake.

"Ripoti ilisema alikuwa anakimbiza gari," alisema. "Mpaka wakwe zangu waliamini. Mpaka mimi niliamini."

"Hakuwa anakimbiza, dada. Ni tairi."

"Hakuwa anakimbiza," alirudia, na ndipo akalia. Miaka yote alikuwa na hasira na marehemu, na sasa hakuwa nayo tena. Alimpiga kaka yake kifuani kwa kiganja, kisha akabaki amelishika shati lake pale pale. "Mbona hukuniambia?"

Kisha aliirudia chupa yake. Alimimina chai kwenye vikombe vyote viwili, akampa mumewe chake na kaka yake chake.

Fundi alitoa maelezo yake kituoni, akaachiwa kwa dhamana awe shahidi wa upande wa mashtaka. Malori yote yalizuiwa yadini mpaka kila moja lipate tairi zake lenyewe, na Tajiri aliuza gari lake la kifahari ili yapate. Faili la ajali ya zamani lilifunguliwa upya. Inspekta ndiye aliyelibeba kwa mkono wake.

Ukaguzi uliofuata, Polepole alipaki kando ya barabara taa zikiwaka, breki zikishika, tairi za mbele zikiwa na madoa ya chokaa yaliyogoma kutoka. Askari wa barabarani aliziangalia, akaridhika, akampungia mkono aende.

Fundi Pancha alishuka upande wa abiria.

"Afande, na za nyuma. Zikague zote."

Askari alimtazama kama anayetazama mgonjwa, kisha akainama na kuzikagua zote, moja baada ya nyingine.

Simu ya Polepole iliita kabla hawajaingia barabarani.

"Mmepita?" mkewe aliuliza.

"Tumepita."

"Kwa tairi zenu?"

"Kwa tairi zetu."

"Basi mwambie kaka asipitilize yadini, aje kula nyumbani. Nimempakulia na yeye."