Salamu za Kajiado

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Jumamosi, Musau alipanda jukwaani Kitengela akiwa na taulo shingoni na maiki iliyozimwa.

Waliojua kwamba imezimwa ni bendi na Nthenya, mchumba wake, aliyeketi kwenye mitambo ya sauti chini ya hema. Umati ulikuwa umesubiri tangu saa nane. Tangazo lililowaleta lilisema benga itapigwa live, bila kanda wala playback.

Nyuma ya jukwaa, Nthenya alikuwa amekataa. Musau alimletea flashi na kumweleza, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba mazoezi ya jana huko Nkoroi yamemmaliza koo. Alimtaka acheze nyimbo zilizomo, bendi iigize. Nthenya akamwambia awaambie watu ukweli, na anayetaka pesa yake arudishiwe.

"Hawa wamekuja kucheza, si kukagua koo," Musau alisema.

"Wamelipa kukusikia."

"Nthenya, mbuzi wa ntheo nimeshanunua. Unataka wazee wangu wafike kwenu nikiwa msanii wa kuzomewa?"

Bila mbuzi hao watatu, kwa Wakamba, hakuna mke. Walikuwa Isinya, kwa Parmuat, rafiki wa Musau. Safari ya kuwapeleka ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na mama yake Nthenya alikuwa ameacha kuuliza. Nthenya akachukua flashi.

Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ukafika pale ambapo gitaa hukaza mbio na mwimbaji wa benga huacha maneno ya wimbo, akasalimia watu kwa majina. Musau hakuwa amekumbuka kwamba nyimbo zile alizirekodi mbele ya watu wengine. Alikuwa anafuta uso wakati sauti yake ilipotoka kwenye spika:

"Nasalimia Mama Nzula wa Kajiado, mkwe wangu. Jumamosi ijayo wazee wanakuja na mbuzi. Nzula, mke wangu, simama wakuone."

Taulo lilikuwa bado mdomoni.

Wilkister, shabiki aliyetoka Gataka na wenzake, ndiye aliyesema kwanza.

"Na sisi tuliokuja Kitengela tunasalimiwa na nani, taulo?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Chupa ya maji ilirushwa, ikampata Mzee Katee, mpiga besi, kwenye mdomo.

Nthenya alizima mitambo yote isipokuwa maiki moja, akaichukua, akapanda jukwaani.

"Aliyerusha hiyo chupa, huyu mzee hakuimba. Tiketi yako ni ya kusikiliza, si ya kumpasua mtu mdomo. Kanda nimecheza mimi, na nilijua ni kanda. Mko na haki ya kukasirika. Kasirikieni mimi na Musau. Anayetaka pesa yake aende getini, atapewa. Anayetaka muziki akae, lakini akae kama mtu."

Musau alimfuata nyuma ya jukwaa akimlaumu kwamba amemuua kisanii. Simu ya Musau, ambayo Nthenya alikuwa akimshikia kila anapopanda jukwaani, ilikuwa imepokea ujumbe:

"Babe, mum bado anaskiza ile recording ya jana. Sauti imerudi? Jumamosi wazee wafike mapema."

Nthenya alipiga namba hiyo, akaweka simu kwenye spika.

"Babe?"

"Si Musau. Ni Nthenya."

"Nthenya wa mitambo?"

"Huyo. Jana Musau alikuwa kwenu?"

"Tangu asubuhi. Birthday ya mum. Aliimba mpaka sauti ikaisha. Kwani kuna shida?"

"Mimi ni mchumba wake, Nzula. Kwetu wamengoja mbuzi tangu Aprili."

"Mbuzi gani?"

"Watatu. Wako Isinya, kwa Parmuat."

"Hao ni wangu. Alinitumia picha yao."

"Mmoja ana doa jeupe kwenye paji?"

"Ndiyo."

"Alinitumia hiyo hiyo."

Nzula alisema anaenda kumwambia mamake sasa hivi, akakata.

Nthenya alimtazama Musau.

"Kumbe hata mbuzi ni playback."

"Nilikuwa nitakueleza."

"Lini? Kwa wimbo upi?"

Musau alianza habari ndefu: familia ya Nzula ina uwezo, bendi inahitaji vyombo, moyo wake uko Kitengela kwa Nthenya, hizi kazi za sanaa Nthenya anazijua. Nthenya alimwacha amalize.

"Hao watu walilipa, ukawadanganya. Mimi niliyekupa bure ulipanga kuniachia nini?"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Walilipa kusikia."

Jukwaani besi ilianza kulia. Mzee Katee alikuwa amejifunga kitambaa kidevuni na kuwaambia wapigaji wenzake kwamba vidole vyao havina koo la kukwaruza. Nthenya alirudi kwenye mitambo, akawafungulia vyombo kimoja kimoja. Wengine walikwenda getini, wakapewa pesa yao. Wengi walibaki. Katikati ya wimbo mwanamume mmoja alisogea mbele, akanyoosha mkono na kusema chupa ilikuwa yake. Katee hakuupokea.

"Simama hapo usikilize mpaka mwisho," alimwambia. "Hiyo ndiyo pole yangu."

Mwanamume huyo alisimama hapo mpaka mwisho. Wilkister alicheza mbele yake, akimkanyaga viatu mara mbili, na haikuwa bahati mbaya.

Bendi ilipomaliza, Nthenya alimpigia Mzee Masila, mjomba wa Musau na msemaji wa wazee wake.

"Shikamoo, mjomba. Nimepiga kukuambia mimi siolewi huko kwenu."

Mzee aliuliza nani amemkosea.

"Mwenyewe yuko hapa, na nyumba mbili zinangoja mbuzi wake hao hao. Wacha akuambie. Mimi nimechoka kumchezea sauti."

Alimpa Musau simu. Musau aliishika mbali na sikio. Sauti ya mzee ilisikika wazi, ikiuliza mara ya pili kama ni kweli kuna nyumba mbili zinazongoja mbuzi hao hao.

"Ni kweli, mjomba," Musau alisema kwa koo lililokwaruza.

Mzee Masila akakata simu.