Breki ya Nyuma

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, Chiriku aliinamia baiskeli yake ukumbini na kubonyeza matairi kwa kidole gumba. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hizo habari aliyokuwa nayo shuleni ilikuwa moja tu: yeye na shangazi yake wangekwenda kwa baiskeli hadi kwa bibi, ng'ambo ya milima, safari ya siku kadhaa.

Shangazi alikuwa dereva wa lori. "Barabara ile nimeipita nimekaa kitini," alisema. "Sasa nataka kuipita kwa jasho langu."

Basi wakajiandaa. Kila jioni walinyonga baiskeli hadi nje ya mji na kurudi, kwanza bila kitu, kisha na mizigo kwenye keria. Mwanzoni Chiriku alirudi miguu ikimtetemeka kama ya ndama. Baadaye akawa anapanda kilima huku akisimulia visa. Alijifunza kuziba pancha, kupaka mnyororo grisi na kubadili waya wa breki. Wa gurudumu la nyuma aliufunga peke yake, Shangazi hakuugusa.

Siku ya safari ikafika. Majirani na wanafunzi wenzake walijaa langoni. Baba alikuwa akipiga picha hovyo hovyo, nusu yazo zikiwa za vichwa vya watu tu. Chiriku akazunguka uani mara moja, makofi yakimlaki. Alipominya breki ya nyuma, akahisi kitu kikiteleza. Baiskeli ilisimama, lakini ilichelewa kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine asingegundua.

Hakuna aliyeona. Lakini akaukumbuka mteremko wa milimani, kona juu ya kona, malori yakipishana. Akawatazama na wenzake, ambao alikuwa amewatambia wiki nzima kwamba baiskeli ameitengeneza mwenyewe.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "tusiondoke kwanza. Breki yangu inateleza. Sikuikaza vizuri."

"Ameingiwa na woga!" mvulana mmoja akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

Shangazi hakucheka. Alishuka kwenye baiskeli yake, akaiegemeza ukutani. "Spana unayo?"

"Ninayo."

"Basi fanya kazi. Sisi tunakungoja."

Mizigo yote ikashushwa. Chiriku akapindua baiskeli, mashavu yakimwaka moto. Kumbe waya ulikuwa umekaa pembeni ya tundu lake, na nati ilikuwa inabana hewa. Akauchomoa, akaunyoosha, akaurudisha taratibu. Yule mvulana aliyemcheka alisogea karibu, akatazama weee, mwisho akauliza, "Nikushikie gurudumu?"

"Lishike hapo. Usilizungushe."

Akakaza nati, akajaribu. Akazunguka uani tena, akaminya, na baiskeli ikasimama papo hapo. Safari hii makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, na Baba alisahau kabisa kupiga picha.

Waliondoka jua likiwa limeshapanda. Walipanda milima wakihema, wakala chakula chao kivulini, na alasiri wakaufikia mteremko. Upepo ulimvumia Chiriku masikioni. Kwenye kona ya kwanza lori lilitokea ghafla upande wa pili. Akaminya breki, nayo ikashika kama mkono wa mtu mzima. Wakafika chini salama, wakasimama kando ya barabara.

Shangazi alijifuta jasho. "Mwanangu, kukaza nati hata mimi nilifundishwa, na yeyote anaweza kufundishwa. Lakini kusema 'nimekosea' mbele ya watu waliokuja kukushangilia, wakati hakuna aliyekuona, hilo ni la kuamua mwenyewe. Fedheha ya leo imekwisha palepale uani. Ungenyamaza, tungekuwa tunalia hapa. Najivunia wewe, tena sana."

Kisha akavuta baiskeli yake nyuma, akampisha.

"Tangulia. Kuanzia hapa wewe ndiye kiongozi wa msafara."

Chiriku akanyoosha mgongo, akakanyaga pedali, na barabara yote ikawa mbele yake.