Neno la Siri la Mzee Stamen

Haya yalimpata rafiki yangu Zlatina, hapa hapa mjini Ruse, mchana kweupe.

Baba mkwe wake, mzee Stamen, alimchukia hadi kufa. Hakuwahi kumwita kwa jina la ukoo wa mumewe, ila la kwao alikozaliwa. Arobaini haijafika, Zlatina ameshakalia kompyuta ya marehemu, anaandika tangazo la kuuza nyumba.

“Wewe mwanamke, hata arobaini husubiri?” mumewe alifoka.

“Alinifungia kila kitu humu ndani. Leo nafungua mimi!”

Neno la siri alikuwa amelikuta kwenye karatasi chini ya kibodi: haingiimtu. Akaliondoa, akazima na ile hali ya skrini kujifunga yenyewe. Mume akatoka, akaubamiza mlango.

Zlatina akaenda kuchemsha kahawa. Akiwa jikoni akasikia: ta. Kimya. Ta. Kimya. Mzee alikuwa akichapa hivyo, kwa kidole kimoja.

Aliporudi, katikati ya tangazo paliandikwa haingiimtu. Akalifuta. Vitufe vikabonyea mbele ya macho yake, kimoja kimoja: haingiimtu. Akafuta tena.

Kisha vitufe vikabonyea kwa nguvu, polepole, mpaka jina likatimia.

Zlatina Kaleva. Ukoo wa kwao.